Fremu ya Pendrick Kutoka Nunguni Hadi Zombe

Niliondoka nyumbani kwangu Nunguni kwa sababu ya kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kiganja. Chuma chenyewe ni ekseli, ile inayopita katikati ya fremu ya baiskeli na kushika mikono ya pedeli upande huu na upande ule. Bila ekseli, baiskeli ni pambo. Yangu ilikuwa pambo kwa miaka mitatu, ikining'inia ukutani juu ya meza yangu ya kazi. Nami ni fundi wa baiskeli, kwa hivyo kila mteja aliyeingia aliniuliza inakuwaje fundi ana baiskeli asiyoweza kuitengeneza.

Nieleze kwanza ilikuwa baiskeli gani. Wakati huo, miaka ya sabini ikielekea kwisha, baiskeli zote za milima yetu zilikuwa za namna moja: nyeusi, nzito, usukani ulionyooka, keria ya kubebea gunia la viazi. Tulizijua kama mtu anavyowajua mbuzi wake. Hii yangu niliipata kwenye mnada Machakos, katika vyombo vya mzungu mmoja wa kilimo aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa baiskeli ya mbio, ya kijani kilichokolea, fremu nyepesi ya kuinuliwa kwa vidole viwili, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume. Shingoni ilikuwa na kibati cha shaba, na juu ya kibati amechongwa korongo aliyesimama juu ya gurudumu. Chini ya korongo paliandikwa Pendrick.

Niliuliza Machakos, nikauliza kwenye maduka ya vipuri Nairobi, na hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo. Muuza vipuri mmoja aliniambia, "Hicho kilikuwa kiwanda cha mtu na shemeji yake. Walitengeneza chache, wakachoka." Alisema hivyo kunibeza, lakini mimi ndipo nilipozidi kuipenda. Baiskeli za kiwanda kikubwa zinatoka zikifanana kama misumari. Hii, mtu fulani alikaa nayo akapiga tupa viungo vyake mpaka kingo zikawa nyembamba kama jani, kisha akaipaka mstari wa rangi ya dhahabu kwa brashi. Nilijua ni brashi wala si mashine, kwa sababu mahali pamoja, karibu na gurudumu la nyuma, mkono ulimtetemeka.

Ekseli yake haikuwako nilipoinunua, na kila niliyojaribu ilikataa. Za kawaida zote zilikuwa fupi, na mabega yake hayakukaa vizuri kwenye vikombe vya golori. Ningeweza kuchongesha mpya, lakini mchonga vyuma anataka kipimo, nami kipimo sikuwa nacho. Nilibahatisha mara mbili na mara zote mbili nikaharibu chuma kizuri.

Ndipo siku moja Bwana Mulwa, afisa wa mifugo aliyekuwa akizunguka wilaya za Machakos na Kitui kuchanja ng'ombe, akaingia kujaziwa upepo baiskeli yake. Akatazama ukutani, akasogea karibu.

"Huyu ndege nimemwona Zombe," akasema.

"Zombe gani?"

"Zombe ya Kitui, iko ingine? Kwa Hassan, yule mnunuzi wa ng'ombe. Baiskeli yake iko na huyu ndege hapa shingoni. Mimi nilikuwa nachanja ng'ombe zake, nikamuona."

Jioni nilimwambia mke wangu, Kalekye, kwamba ninakwenda Zombe. Aliweka chini sufuria ya muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa.

"Unaenda mpaka Zombe juu ya picha ya ndege?"

"Naenda kutafuta ekseli."

"Na kama Mulwa aliona bata?" Nilicheka, lakini yeye hakucheka. "Sawa, nenda. Wewe wakati wa kula unaangalia hiyo kitu kuliko unavyoniangalia. Lakini ukirudi bila hiyo chuma, inatoka kwa ukuta. Sitaki kuiona tena."

Nikakubali.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilifunga ile fremu kwenye keria ya baiskeli yangu nyeusi kwa mipira ya tyubu kuukuu. Magurudumu niliyaacha, nikachukua fremu tu pamoja na usukani wake, kwa sababu ekseli haisadikiki mpaka umeijaribu mahali pake. Katika mfuko nilitia spana, tupa, kalipa na utepe wa kupimia, golori, pampu, viraka, na mche wa sabuni. Ukungu ulikuwa umelala juu ya matuta ya mashamba, na mteremko wa kwenda Wote ulikuwa na matope. Nilishuka nikivuta breki mpaka mikono ikafa ganzi.

Chini ya mlima nilikutana na akina mama waliobeba ndizi kwenda sokoni. Mmoja alisimama kabisa.

"Fundi, hiyo ni baiskeli imebebwa na baiskeli?"

"Ndiyo, mama."

"Ni mgonjwa?"

"Ni mgonjwa."

"Woi, pole yake," akasema, na wote wakaangua kicheko. Swali hilo niliulizwa mara nyingi kiasi kwamba kabla ya kufika Kibwezi nilikuwa ninalijibu kabla halijaulizwa.

Nililala Wote kwa binamu yangu. Jumanne nilishuka kupitia Kathonzweni hadi kwenye lami ya barabara ya Mombasa. Malori yalipita karibu sana, na kila yalipopita upepo uliishika ile fremu kama tanga na kuniyumbisha hadi kwenye kokoto. Niliingia Kibwezi jua likiwa bado juu, nimechoka lakini mzima, nikakodi chumba nyuma ya hoteli moja ya chai.

Jumatano, asubuhi mapema, niliiacha lami na kushika njia ya Kitui. Nilivuka daraja la mto Athi mapema, maji yakiwa machache na ya rangi ya udongo. Ng'ambo ya mto barabara iligeuka mchanga. Mtu wa Nunguni amezoea kuogopa mlima. Mimi siku hiyo nilijifunza kuogopa mchanga, kwa sababu mlima unajua utaisha wapi. Miiba nayo haikuniacha. Niliziba pancha nne kabla ya adhuhuri, na ya tano ikanikuta viraka vikipungua, nikawa nakata vipande vidogo kama kucha.

Kilomita chache kabla ya Ikutha, keria ilikatika mguu. Fremu ikaanguka nami pia, usukani ukachimba mchanga. Niliikagua yote kwa vidole kabla ya kujitazama mwenyewe, na goti langu lilikuwa linatoka damu. Fremu haikuwa imepata kitu isipokuwa mkwaruzo. Keria haikuweza kushonwa pale, basi nikaupitisha mkono na kichwa katikati ya fremu, nikaivaa begani kama mkoba, nikaisukuma ile nyeusi. Fremu ilinipiga pajani kila hatua. Nilijiambia ni kwa sababu ya uchovu. Ukweli ni kwamba fremu ilikuwa ndefu kuliko mimi nilivyotaka kukubali.

Nililala Ikutha kwa mwenye duka aliyenikaribisha kwa jina la Bwana na hakunidai chochote. Alhamisi jioni nikafika Mutomo.

Mutomo nilikuwa na mtu. Kilonzo tulijifunza naye ufundi Machakos tukiwa vijana, na sasa alikuwa akitengeneza vitanda na viti vya magurudumu katika karakana ya hospitali ya misheni. Ni mtu mpole, mwenye sala ndefu. Isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ilipoa mezani akiwaombea wagonjwa, wasafiri, na mwisho akaiombea keria yangu. Baada ya kula alisimamisha fremu kando yangu, akatazama, akatikisa kichwa.

"Mutua, hii ni ya mtu mrefu."

"Kiti kinashuka," nikasema.

"Kiti kinashuka, lakini bomba la juu haliteremki."

"Nitazoea."

Aliiunga keria yangu kwa shaba, akanipa viraka vya kutosha, na Ijumaa mapema akanisindikiza hadi mwisho wa mji.

Kutoka Mutomo hadi Zombe nilitumia siku mbili. Nchi ni kavu, vichaka vya rangi ya majivu pande zote, na watu wenye mbuzi wengi na maneno machache. Ijumaa nililala Voo, katika nyumba ya mwinjilisti. Jumamosi, saa tisa alasiri, niliingia sokoni Zombe nikisukuma, maana gurudumu la nyuma lilikuwa limekosa upepo tena. Nikauliza kwa Hassan. Watu wa sokoni waliponionyesha, walionyesha pia fremu mgongoni mwa baiskeli yangu na kunong'onezana kitu.

Hassan alikuwa ameketi mbele ya duka lake, karibu na zizi la ng'ombe waliosubiri lori. Nilipokaribia alisimama, na kusimama kwake kulichukua muda, kwa sababu alikuwa mrefu kweli. Hakunitazama usoni. Alitazama kibati cha korongo.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nunguni. Naitwa Mutua, fundi wa baiskeli. Nimesikia unayo nduguye."

"Kutoka Nunguni? Umeibeba kutoka Nunguni?" Akageuka akaita ndani, "Maryan! Njoo uone mtu!"

Mke wake, Bi Maryan, alitoka akifuta mikono, akanitazama mimi, akatazama mzigo. "Kwanza akae," akasema. "Mtu mwenyewe ameisha." Akaniletea maji, kisha chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, na mkate wa kukaanga. Mpaka nilipomaliza kikombe cha pili hakuna aliyetaja baiskeli. Ndivyo walivyokuwa.

Kisha Hassan akanipeleka stoo. Baiskeli yake ilikuwa nyekundu, rangi imekwisha na kuwa kama matofali, na kibati kilikuwa kile kile. Kiti kilikuwa kimepandishwa mpaka alama ya mwisho na kupita. Ekseli ilikuwako, pedeli zilikuwako, magurudumu, cheni, kila kitu. Lakini bomba la chini lilikuwa limepinda na kupasuka karibu na kiungo cha shingo.

"Lori la ng'ombe lilirudi nyuma," Hassan akasema. "Miezi miwili sasa. Mimi niliachiwa hii na mhandisi mzungu, tulipokuwa tunafanya barabara ya Garissa. Nimeipanda miaka kumi na moja. Mimi nilikuwa nikisikia kuna ng'ombe mahali, nafika wenzangu bado wanatafuta viatu."

Nilipiga magoti nikaigeuza. Kila fremu ya mtengenezaji mdogo ina nambari iliyogongwa chini, na yangu nilikuwa nimeisoma mara nyingi: 146. Nikapangusa vumbi kwenye yake. Ilikuwa 131.

"Ni nini?" Hassan akauliza.

"Zimetoka mkono mmoja. Kati ya yako na yangu, huyo mtu alitengeneza kumi na nne tu."

Alichuchumaa kando yangu, akaigusa ile nambari kwa kidole gumba. Miaka kumi na moja na hakuwahi kuiona. Tukakaa hivyo, watu wawili wasiojuana, tukifurahia kitu ambacho katika wilaya ile nzima hakuna mwingine angekielewa.

Halafu nikasema nilichojia. "Bwana Hassan, nataka ekseli yako."

Alicheka kidogo. "Nilijua. Na mimi nilipokuona na hiyo fremu, nilisema Mungu amenikumbuka, ameniletea fremu."

Kila mmoja alikuwa ameiona baiskeli nzima katika vitu vya mwenzake, na baiskeli nzima ilikuwa moja tu.

"Tuiunge kwanza," akasema mwishowe. "Tuione ikisimama. Maneno baadaye."

Tulifanya kazi mbele ya duka. Pini za pedeli zake zilikuwa zimeshikana, nikazilainisha kwa mafuta ya taa, nikazigonga polepole huku Hassan akishika kipande cha mti chini yake. Ekseli ilipotoka niliifuta, nikaipima kwa kalipa, nikaandika vipimo kwenye karatasi, kisha nikaikandamiza kwenye mche wa sabuni ili umbo lake libaki. Sikumwuliza ruhusa, naye hakunikataza. Nikatia golori mpya na grisi katika fremu yangu, nikapitisha ekseli. Mabega yake yalikaa kwenye vikombe bila kulazimishwa. Nilipoizungusha kwa vidole iliendelea kuzunguka yenyewe, kimya kabisa, nami nikalazimika kujifanya ninatafuta spana ili wasiuone uso wangu.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka tulipomaliza. Ilisimama imeegemea ukuta, ya kijani, magurudumu membamba, cheni imekazwa. Watu walikuwa wamekusanyika.

"Mgeni kwanza," Hassan akasema.

Niliteremsha kiti mpaka chini kabisa. Nikaipeleka uwanjani, nikarusha mguu. Bomba la juu lilinipokea vibaya, mahali ambapo mwanaume hapendi kupokewa. Nikasukuma hivyo hivyo, nikapanda. Usukani ulikuwa mbali, nikajinyoosha kama mtu anayechungulia kisima. Pedeli zikishuka, vidole vya miguu tu ndivyo vilivyozifikia, na kiuno kikawa kinayumba huku na huku. Nilizunguka zizi mara moja. Nilipotaka kusimama sikufika chini, nikaanguka ubavu mbele ya ng'ombe.

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Bi Maryan ndiye aliyesema, kutoka mlangoni, kwa upole tu: "Fundi, hiyo baiskeli imekukataa."

Hassan akainua kiti, akakaza, akapanda. Sijui niseme nini kuhusu alivyopanda. Hakuonekana kufanya kazi yoyote. Mgongo ulilala sawasawa na fremu, magoti yalipanda na kushuka kama kitu kimoja na pedeli, na alipofika mwisho wa uwanja hakurudi. Alishika barabara, akapotea nyuma ya miti, na tulimsubiri kwa muda mrefu kidogo. Aliporudi alikuwa na machozi machoni, tuseme ni ya upepo.

Alishuka, akanikabidhi usukani.

"Ichukue," akasema. "Na ekseli, na pedeli, na magurudumu. Mtu aliyebeba kitu kutoka Nunguni hawezi kurudi bila hicho kitu."

"Na wewe?"

"Mimi nitatafuta nyingine. Zile nyeusi zipo."

Nilisema asante. Ndiyo, nilisema asante na nikakubali, na siwezi kujisifu kwa hilo. Miaka mitatu ni mingi. Nilikula chakula chao na nikalala nikiwa mwenye baiskeli nzima.

Jumapili asubuhi, nilisikia nyimbo za kanisa la ng'ambo ya soko, nikatamani kwenda nikaketi mwisho wa benchi ili nisifikiri. Badala yake niliingia stoo na kufanya jambo ambalo fundi hulifanya kabla ya jambo lolote, nami kwa miaka mitatu sikulifanya. Nilitoa utepe, nikapima mguu wangu kwa ndani, kisha nikapima fremu ya kijani. Nilijua jibu. Nilikuwa nimelijua tangu Machakos, siku ya mnada, niliposimama kando yake na kuliona bomba lake la juu. Mteja angeniletea baiskeli ya namna hiyo, ningemwambia arudishe siku hiyo hiyo.

Kisha nikapima ile nyekundu iliyokanyagwa. Ilikuwa fupi kwa kiasi cha vidole vitatu. Ilikuwa yangu kabisa. Hassan alikuwa ameipanda miaka kumi na moja amekunjamana, kiti kimepita alama.

Nilimkuta akinywa chai.

"Bwana Hassan, jana ulinipa kitu na nikapokea. Leo nakirudisha."

"Sichukui. Nimeshatoa."

"Basi tubadilishane. Nipe ile nyekundu."

Akanitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyefichwa ugonjwa. "Ile imekufa, fundi. Umeuona ufa wake."

"Ufa unazibika. Urefu wangu hauzibiki."

Bi Maryan alicheka mpaka akaweka birika chini. "Hassan, mpe mtu kitu chake!" akasema. "Wewe ukiwa juu ya ile nyekundu ulikuwa kama nzige. Mimi nilikuwa nanyamaza tu."

Tukabadilishana. Magurudumu na pedeli zikabaki na yeye pamoja na ekseli, kwa sababu bila ekseli ile fremu ya kijani ingerudi kuwa pambo, safari hii ukutani kwa Hassan. Mimi nilikuwa na vipimo. Kabla ya kuondoka niliipapasa fremu yangu mara moja, pale karibu na gurudumu la nyuma ambapo mkono wa yule mchoraji ulitetemeka, nikamwonyesha Hassan ili aijue. Nilisikia uchungu, sikatai. Nilikuwa nimetoka nyumbani na fremu nzima isiyo na ekseli, na sasa nilikuwa narudi na fremu iliyopasuka isiyo na ekseli.

Jumanne nilikuwa Mutomo tena. Kilonzo aliitazama ile nyekundu, akanitazama mimi kando yake, akatabasamu, akaleta taa. Nilimpenda kwa hilo. Tuliuona ule ufa pamoja. Mabomba haya ni membamba, ukiyachomelea kwa umeme yanatoboka kama karatasi. Yanataka moto wa gesi, shaba, na mtu asiye na haraka. Kwa ruhusa ya mkubwa wake, baada ya kazi, Kilonzo alilinyoosha bomba kwa kamba iliyokazwa na kipimo cha jicho, akatia kipande cha bomba jembamba ndani yake kama mfupa, kisha akayeyusha shaba mpaka ikaingia yenyewe kwenye ufa. Ilipopoa ilibaki alama ya manjano kama kovu. Aliigonga kwa spana, ikalia sauti moja safi.

"Hii itakuzika," akasema.

"Nenda kaiombee, basi," nikasema, na akaomba kweli.

Alhamisi nikafika Kibwezi, kwa mchonga vyuma mmoja mwenye mashine ya zamani. Nilipotoa mche wangu wa sabuni kutoka mfukoni, ulikuwa umeyeyuka kwa jua la siku nne na kugeuka bonge lenye alama ya spana. Yule bwana alilinusa.

"Hii ni ya kuogea ama ni ya kupimia?"

Zilibaki zile namba za penseli. Alichonga ya kwanza, ikawa nene. Alichonga ya pili mimi nikiwa nimesimama kando ya mashine, nikisimamisha kazi kila mara nijaribu kwenye fremu, mpaka akanifukuza nikakae nje. Saa kumi jioni alitoka nayo ikiwa bado ya moto. Ilipita, mabega yakakaa. Nikaizungusha kwa vidole. Haikuzunguka kwa utulivu kama ile ya Zombe, ilikuwa na mkwaruzo kidogo, lakini ilizunguka.

Nilifika Nunguni Jumamosi, na Kalekye hakuuliza ile ya kijani imekwenda wapi mpaka niliponawa na kula. Nilimweleza yote, hata kuanguka mbele ya ng'ombe. Aliichukua ekseli mezani, akaigeuza mkononi.

"Kumbe ni hii tu?"

"Ni hiyo tu."

"Na huyo Hassan, ni mtu mzuri?"

"Sana."

"Basi," akasema. Na hilo likaisha.

Kuipaka rangi, kuitafutia cheni inayoifaa na kuifungia magurudumu na pedeli za ile ya kijani nilivyoviacha nyumbani kulinichukua mpaka mvua za Novemba. Tangu safari ile, mteja akija kwangu kutaka baiskeli simwonyeshi rangi wala simwambii jina la kiwanda. Namwambia asimame juu ya fremu kwanza, miguu yote miwili chini. Wengine hukasirika. Wamekuja na ile waliyoipenda tayari, na hawataki kupimwa. Ninawaelewa kuliko wanavyodhani.

Asubuhi moja mvua ilipokatika, niliiteremsha ile nyekundu mpaka Wote, nikanywa chai, nikageuka. Mlima ule nimeupanda maisha yangu yote nikisukuma. Hakuna anayeupanda na zile nyeusi, unashuka kitini kwenye kona ya kwanza na unatembea mpaka juu. Nilifika kona ya kwanza nikiwa kitini. Nikafika ya pili. Nilikuwa na pumzi ya mtu anayeongea tu, miguu inazunguka, na wale waliokuwa wakisukuma magunia yao waligeuka kunitazama nikipita. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, fundi wa baiskeli kwa miaka kumi na sita, na siku hiyo ndipo nilipojua ni nini hasa nilichokuwa nikitengeneza.